Mazungumzo ya 17: Usijifungue kwa Jina la Mtu Mwingine

(Muziki wa kufungua kipindi, kisha upungue taratibu.)

Kama una sufuria jikoni, punguza moto usogee karibu na redio. Kama una kalamu, ishike, maana leo kuna mambo machache ya kuandika.

Mada yetu ni bima ya afya kwa mama aliyekuja Kenya kama mkimbizi, au ambaye bado anaomba hifadhi. Wewe mama Mkenya usizime redio. Jirani yako wa mlango wa pili pengine ni Mkongo, Msomali, Mwethiopia au Mrundi, na pengine ameshawahi kukuomba umwazime kadi yako ya hospitali. Hilo la kuazimana ndilo lililonifanya nichague mada hii.

Chukulia mama mmoja anayekaa Kayole. Ametoka Bukavu, anatembeza vitenge nyumba kwa nyumba, na ana mimba ya miezi saba. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji huko kwao. Kitambulisho chake cha mkimbizi kilikwisha muda, amekwenda kukifanya upya, anaambiwa angoje. Bima hana. Rafiki yake, mwanamke mwema kabisa, anamwambia: "Dada, mbona unahangaika? Chukua kitambulisho changu, jifungue kwa jina langu. Mimi nimelipa, na mwaka huu sizai."

Anaona ni msaada. Na kweli umetolewa kwa moyo mzuri. Lakini sisi wauguzi tunajua yanayofuata, na leo nitawaeleza moja moja.

Kwanza ni huo mshono tumboni. Rafiki aliyetoa jina lake amezaa watoto watatu, wote kwa njia ya kawaida. Mama wetu akifika wodini, muuguzi anasoma kijitabu na kuona mwanamke ambaye amezaa mara tatu bila tatizo. Anaulizwa, "Uliwahi kufanyiwa upasuaji?" Naye anaogopa kusema ndiyo, kwa sababu akisema ndiyo itajulikana kwamba hiyo si habari yake. Mama ambaye mfuko wake wa uzazi una kovu anahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi uchungu unapomshika. Kovu linaweza kufunguka. Likifunguka, mama anavuja damu ndani kwa ndani, na mtoto anakosa hewa. Hapo ni dakika tu zinazobaki kuokoa watu wawili. Dawa ya kuongeza uchungu, ambayo kwa mama mwingine ingekuwa sawa, kwake yaweza kuwa hatari kubwa.

Pili ni damu. Katika kliniki ya wajawazito tunapima kundi la damu na kuliandika katika kijitabu. Kundi lililoandikwa pale ni la rafiki. Ni kweli kwamba maabara hupima tena kabla ya kumwongeza mtu damu, kwa hiyo sitaki kuwatisha kupita kiasi. Lakini kuna akina mama wachache ambao damu yao ni ya aina tunayoiita Rhesus hasi. Hao wanahitaji sindano maalumu baada ya kujifungua kama mtoto ni chanya, ili mimba inayofuata isiharibiwe na mwili wao wenyewe. Kijitabu kikisema chanya, nani atakumbuka kumchoma hiyo sindano?

Tatu, na hili ndilo linaloumiza muda mrefu, ni mtoto. Mtoto akizaliwa hospitalini, mama hupewa karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Karatasi hiyo inaandikwa jina la mama aliyejifungua. Sasa niambie, itaandikwa jina la nani? Itaandikwa jina la rafiki. Kwa karatasi za serikali mtoto yule ni wa rafiki. Utakapotaka cheti cha kuzaliwa, kitatoka kwa jina la rafiki. Utakapotaka kumwingiza mtoto katika faili la familia yako kwa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi au UNHCR, utaulizwa uthibitisho kwamba ni wako. Huna. Na siku mnayokosana na rafiki, maana binadamu hukosana, mtoto wako yuko katikati.

Tena siku hizi mlango wenyewe wa kuazimana unafungwa. Zamani kadi ya NHIF iliweza kupita mkono hadi mkono. Mfumo wa sasa unataka alama za vidole. Mama anaweza kufika mapokezi akiwa na uchungu, aambiwe aweke kidole, na kidole kikatae.

Kwa hiyo tuje kwenye bima yenyewe, kwa jina lako mwenyewe.

Wengi wenu mnaijua NHIF. Ilianzishwa mwaka 1966, na kwa miaka kadhaa UNHCR ililipia familia nyingi za wakimbizi wa hapa Nairobi ili wawe wanachama kama Wakenya. Wengine mlijilipia wenyewe shilingi 500 kwa mwezi. NHIF haiko tena. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 nafasi yake imechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo kila mtu anaiita SHA. Na Linda Mama, ile ya kujifungua bila malipo, nayo ilikwisha kwa namna tuliyoizoea. Nasema hivi kwa sababu mpaka leo kuna mama anafika na uchungu wake akiuliza Linda Mama. Sasa uzazi uko ndani ya SHA, na unataka uwe umejiandikisha na umelipa.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 haikuwaandikia raia peke yao. Mgeni anayekaa Kenya kwa zaidi ya miezi 12 naye anatakiwa kuwa mwanachama. Mkimbizi mwenye kitambulisho chake anajiandikisha.

Kujiandikisha ni bure. Narudia kwa ajili ya aliyekuwa anamnyamazisha mtoto: kujiandikisha ni bure. Ukikutana na kijana pale stejini au katika kichochoro cha Eastleigh anayekuambia toa 1,000 akuingize kwenye SHA, mpite. Unaweza kujiandikisha kwa simu kwa kubonyeza *147#. Simu za wakimbizi mara nyingine zina shida, kwa sababu laini imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, au namba ya kitambulisho inakataliwa. Ikikukatalia, usijaribu mara 20 ukichoka. Nenda Huduma Centre, iko Makadara na iko Eastleigh, au mwone afisa wa SHA katika hospitali kubwa ya serikali. Bebeni kitambulisho cha asili na nakala yake, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na simu. Kama Kiswahili cha ofisini kinakupiga chenga, nenda na mtu unayemwamini akutafsirie. Asiwe mtoto wako wa darasa la nne, maana kuna maswali ambayo mtoto hafai kuyajibu kwa niaba ya mama yake.

Kuna faida unayopata hata kabla ya kulipa. Ukishajiandikisha, matibabu ya kawaida katika dispensari na vituo vya afya vilivyo kwenye mkataba yanalipiwa na mfuko wa afya ya msingi. Homa ya mtoto, kuhara, kikohozi, vidonda: unaonwa bila kutoa pesa. Najua mtaniambia, "Muuguzi, tulikwenda, dawa hazikuwepo, tukaandikiwa tukanunue dukani." Ni kweli hutokea, na hutukera hata sisi. Lakini kumwona mhudumu mwenye ujuzi na kuambiwa mtoto ana nini si jambo dogo. Ni bora kuliko kununua vidonge vinne vya rangi mbalimbali kwa kukisia.

Kulazwa, kujifungua katika hospitali kubwa, na upasuaji, hayo yanataka uwe umelipa. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Wewe mwenye kibanda, mwenye kufua nguo za watu, mwenye kusuka nywele, utaulizwa maswali juu ya maisha yako: nyumba imejengwa kwa nini, maji unapata wapi, mnaishi wangapi. Kutokana na majibu, mfumo unakadiria utalipa kiasi gani. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Lakini hailipwi mwezi kwa mwezi kama ilivyokuwa NHIF. Inalipwa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani shilingi 3,600 kwa mwenye kiwango cha chini. Wengine wameambiwa kiasi kikubwa zaidi ya hicho. Ukiona umekadiriwa kama mwenye jumba la ghorofa na wewe unalala chumba kimoja na watoto watano, rudi ofisini ulalamike, usikae nyumbani ukinung'unika. Mwaka 2025 ulianzishwa pia mpango wa Lipa SHA Pole Pole, wa kulipa kidogo kidogo kwa mkopo. Uliza masharti yake kabla ya kukubali, kama unavyouliza kwa mkopo wowote.

Malipo hayo yanamfunika mwanachama, mume au mke, na watoto, mradi wameandikwa. Mama asiandikishe jina lake tu akaondoka. Mtoto ambaye hajaandikwa hajulikani na mfumo, hata kama umelipa.

Sasa tupige hesabu pamoja, maana najua 3,600 kwa mkupuo ni pesa nyingi. Hiyo ni kodi ya chumba kwa mtu wa hapa kwetu, au karibu. Kwa upande mwingine, SHA inalipa hospitali shilingi 10,000 kwa mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida, na shilingi 30,000 kwa aliyefanyiwa upasuaji. Mama wetu wa Kayole, mwenye kovu, ana uwezekano mkubwa wa kufanyiwa upasuaji tena. Asipokuwa na bima, hizo elfu 30 na ushei atazitoa wapi? Atakopa kwa jamaa, atauza cherehani ya mumewe, vitenge vitakwenda kwa bei ya kutupa. Tumeona akina mama wakitoka wodini na mtoto mzuri, halafu nyumba nzima inalala njaa miezi mitatu ikilipa deni.

Shilingi 3,600 kwa mwaka ni shilingi 10 kwa siku, pungufu kidogo. Shilingi kumi unaweza kuiweka. Shida ni kuiweka isiguswe. Na hapa ndipo nawaonea wivu akina mama wa kigeni, kwa sababu mnajua kuchangishana kuliko sisi. Wasomali wana hagbad, wengine huiita ayuto. Wakongo wana likelemba. Waethiopia wana ekub. Wakenya tuna chama. Jina ni tofauti, kazi ni ileile: watu kumi wanatoa, mmoja anapokea, kesho mwingine. Katika vyama vingi zamu ya mtu ikifika ananunua sufuria, kapeti, au sahani za kioo. Sina ugomvi na sahani. Nashauri tu kwamba kabla pesa hazijampa mtu sahani, chama kilipe bima ya kila mwanachama kwanza, kianze na wenye mimba na wenye watoto wachanga. Mweka hazina alipe moja kwa moja kwa namba ya mwanachama na aonyeshe ujumbe wa M-Pesa mkutanoni. Pesa inaweza kutoka kwenye simu ya mtu yeyote, ila namba inayolipiwa lazima iwe yako. Soma tarakimu mara mbili.

Kuna anayesema, "Nililipa mwaka jana, hakuna aliyeugua, pesa imepotea." Mama, pesa ile ilimlipia mama mwingine aliyekuwa akivuja damu mahali fulani. Mwaka mwingine yeye atakulipia wewe. Ni kama mchango wa msiba pale kwenye ploti. Hujawahi kudai urudishiwe kwa sababu kwako hakujafiwa.

Sasa nizungumze na mama ambaye hana kitambulisho cha mkimbizi. Huyu bado anasubiri uamuzi, ana karatasi tu ya kuonyesha kwamba ameomba hifadhi. Sitakudanganya: huyu ndiye bima inamponyoka mara nyingi, kwa sababu mfumo unataka namba, na karatasi yake mara nyingi haifanyi kazi kwenye kompyuta. Anaweza kusubiri miezi, wengine miaka. Kwake nasema: usiache kwenda Idara ya Huduma kwa Wakimbizi kuulizia, na kila unapoulizia andika tarehe na ulichoambiwa. Peleka karatasi yako Huduma Centre ujaribu, kwani mambo hubadilika, na aliyekataliwa mwaka jana aweza kukubaliwa leo. Kama una kitambulisho lakini kinakaribia kwisha, usingoje kife. Anza kukifanya upya miezi mingi kabla.

Na wakati unangoja, kuna huduma ambazo hazihitaji bima. Chanjo za watoto katika vituo vya serikali ni bure kwa kila mtoto, awe wa nani, awe ametoka wapi. Chanjo ya kifua kikuu na ya polio anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, surua miezi 9 na tena miezi 18. Dawa za kifua kikuu na za Ukimwi pia hutolewa bure. Usimkoseshe mtoto chanjo kwa sababu huna namba ya SHA.

Halafu kuna Katiba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya afya, pamoja na afya ya uzazi. Imeandikwa kila mtu, haikuandikwa kila raia. Kifungu hichohicho kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Uchungu uliokwama ni dharura. Kuvuja damu ni dharura. Kifafa cha mimba, mtoto anayehema kwa shida, mtoto aliyezimia, hizo zote ni dharura. Hapo hukai nyumbani ukitafuta namba ya mtu. Unakwenda Pumwani, Mama Lucy Kibaki au kituo kilicho karibu nawe, kwa jina lako, na maswali ya malipo yatafuata ukiwa hai.

Wengine mnaogopa hospitali kwa sababu mnaiona kama mlango wa serikali. Sishangai. Aliyekuwa Eastleigh mwezi wa Aprili 2014, wakati wa msako ulioitwa Usalama Watch, anakumbuka watu waliopelekwa uwanja wa Kasarani, na anakumbuka jinsi watu walivyojifungia ndani. Hofu ya namna ile haiondoki kwa tangazo la redio. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kazi ya muuguzi ni kukuhudumia. Historia ya afya yako tunaihitaji ili tusikuumize, hasa ile ya upasuaji na ya mimba zilizoharibika.

Na deni? Kuna mama anayeogopa kwamba akishindwa kulipa atafungiwa wodini. Mwaka 2015 Mahakama Kuu hapa Nairobi iliamua kwamba kuwazuia akina mama hospitalini kwa sababu ya deni la uzazi kulivunja haki zao. Deni linabaki kuwa deni, utaandikishiana namna ya kulipa. Uliza afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali siku ya kwanza, usingoje siku ya kuruhusiwa.

Neno moja kwa walezi. Wengi wenu mnalea watoto ambao hamkuwazaa: mtoto wa dada aliyebaki vitani, mtoto mliyemkuta njiani. Mtoto huyo akiugua utaulizwa wewe ni nani kwake. Nenda kwa afisa wa watoto wa eneo lako, na hakikisha yuko kwenye faili lako la ukimbizi, ili uwe na karatasi inayoonyesha unamlea. Fanya hivyo akiwa mzima anacheza nje, maana usiku wa manane homa ikiwa 40 hakuna ofisi iliyo wazi.

Na aliyekwisha kujifungua kwa jina lake mwenyewe, ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa usiifungie mandazi. Tafuta cheti cha kuzaliwa kabla mtoto hajafika miezi sita. Baada ya hapo inahesabiwa kuwa umechelewa, na safari zinakuwa nyingi.

Tumrudie mama wa Kayole. Ana miezi miwili mbele yake. Wiki hii aende kliniki kwa jina lake, aseme waziwazi kwamba ana mshono, na aulize atajifungulia wapi, kwani mama mwenye kovu hajifungulii dispensari. Aulizie kitambulisho chake tena. Kikitoka, ajiandikishe siku hiyohiyo na likelemba yake imlipie. Kisipotoka kwa wakati, aanze sasa kuweka akiba ya gari la usiku na ya hospitali, na amwambie rafiki yake hivi: "Asante dada, jina lako libaki lako. Siku ya siku nisindikize tu, unishikie mkoba na kumwangalia mtoto wangu mkubwa."

Kama una swali, mwone mhudumu wa afya ya jamii anayepita kwenye ploti yenu. Atakuelekeza. Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza juu ya homa ya mapafu kwa watoto wachanga na jinsi ya kuhesabu pumzi za mtoto aliyelala. Uwe na saa yenye mshale wa sekunde. Kwaherini.

(Muziki wa kufunga.)